Bwana Vioo na Nyumba ya Sokomuhogo

Baba Padri, wazee wetu, ndugu na jamaa, majirani wa Mbweni na Kiembe Samaki, nyinyi mliomo ndani ya kanisa na nyinyi mliokaa nje kwa heshima ya dini zenu, nimesimama mimi Doto Mabruki, mwalimu, pacha wa marehemu, kuwasomea maisha ya ndugu yangu Silvano Kurwa Mabruki, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Vioo, na kabla sijaanza nasema wazi kwamba karatasi hizi zina mahali ambapo familia ilitaka nipapite kimya, na marehemu aliniapisha siku mbili kabla ya kufa kwake nisiruke hata mstari mmoja. Mwanawe mkubwa amenisihi tena asubuhi hii niwafikirie watoto. Nimewafikiria, na nitasoma.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mbweni, siku ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 1924, saa moja ya asubuhi, akiwa wa kwanza katika mapacha wawili wa Bwana Mabruki Songoro, mpishi wa misheni, na Bi Ana, na mimi nikamfuata baada ya nusu saa, na mama hakuchoka kututania kwamba Kurwa alitoka mbio kwa sababu radi ilipiga. Maskini ndugu yangu, woga ulikuwa wake tangu hapo. Bibi yetu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo mwaka 1872, kilipopiga kile kimbunga kilichong'oa minazi na mikarafuu ya Unguja na kuvunja majumba, na alipenda kutusimulia jinsi upepo ulivyonyamaza katikati, watu wakatoka nje kumshukuru Mungu, kisha ukarudi kutoka upande wa pili, na mimi nikisikiliza nilikuwa nikila karanga zangu, lakini Kurwa alikuwa ameinua uso anatazama juu, akizihesabu boriti za dari moja moja, akiuliza ile iliyopinda itakaa mpaka lini.

Alianza skuli ya misheni mwezi wa Januari 1932, akamaliza mwaka 1940, hodari wa hesabu na wa kuchora ramani, ila hati yake, jamani, ilikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, hata walimu wakamruhusu awe anasema majibu kwa mdomo, na tangu siku zile kila barua yake, ya kuomba kazi, ya posa, ya salamu, niliiandika mimi kwa mkono wangu, yeye akikaa pembeni ananiambia la kuandika.

Mwezi wa Machi 1941 alitiwa kazini kwa Bwana Jayantilal, fundi mkubwa wa majumba ya mawe, aliyekaa Hurumzi, na kwa fundi huyo alijifunza kuchoma chokaa, kuchagua boriti, kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza uzima wake, na zaidi ya yote alijifunza kutia kioo. Kutia kioo ni kazi ndogo sana. Unakata kipande chembamba cha kioo kwa almasi, upana wa vidole viwili, unakilaza juu ya ufa, unakishika kwa chokaa huku na huku, unaandika tarehe, unaondoka, na ukirudi ukakikuta kizima ujue ufa umelala, ukikikuta kimekatika ujue ukuta unatembea, toa watu. Tarehe 1 Machi 1950 aliajiriwa katika ofisi ya Serikali iliyoangalia majumba, na huko alikaa mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bi Perpetua Farahani, katika kanisa hili hili, siku ya Jumamosi, tarehe 27 Septemba 1947, wakajaaliwa watoto watatu, Mabruki, Ana na Rehani, na kwa miaka yote hiyo hakumwinulia mke wake sauti, ila alimkosesha raha kila wingu lilipotanda, maana alikuwa akilala na viatu mguuni, na aliwahi kutia vioo katika nyumba yao ya udongo ya Ng'ambo, nyumba ambayo ina nyufa kama kawaida ya udongo, mpaka Bi Perpetua akamwuliza kama anataka kumtia na yeye kioo usoni, kwani makunyanzi yameanza.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliachwa na wenyewe, zikaingia familia za Ng'ambo na za shamba, watu waliozaliwa katika nyumba za udongo na makuti, na hakuna aliyewaambia kwamba nyumba ya mawe ya pwani na chokaa inataka kutazamwa kila mwaka kabla ya masika, kwamba maji yakiingia juu yananywewa na ukuta kimyakimya, na kwamba boriti inaoza pale ilipochomekwa ukutani ambapo jicho halifiki. Mwezi wa Agosti 1965 ofisi ikamkabidhi Kurwa kazi ya kuzunguka Mji Mkongwe wote, na mabonde ya Darajani ambayo zamani yalikuwa maji, aandike nyumba kwa nyumba yatakayotokea ikija mvua kubwa, au Mungu apishe mbali, kimbunga kama kile cha bibi. Haya, hebu fikirini, katika watu wote wa Unguja, kazi ya kuhesabu hatari akapewa huyu.

Akaifanya kama anavyofanya mwoga, yaani vizuri kupita kiasi. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi, na kila nyumba akaiandikia neno moja kati ya matatu, inakaa, inangoja, au ihamwe, na ilipofika mwisho wa mwaka 1966 alikuwa amekwisha kuandika nyumba mia tatu na themanini na sita, na kati ya hizo mia moja na kumi na mbili zilikuwa zinangoja, na katika kila moja ya hizo alitia kioo. Alipokuwa akirudi nyumbani alikuwa hawezi kula mpaka ameniambia mimi au mkewe ni ukuta gani aliousikia siku ile, na Sokomuhogo, Kajificheni, Malindi, kila uchochoro aliupita anatazama juu, ameshika kofia, anatembea katikati kabisa ya njia.

Lakini yeye akiziogopa nyumba, wenye kukaa ndani walimwogopa yeye. Miaka ile mnaijua. Mtu wa Serikali anabisha hodi, ana daftari, haulizi jina la mtu, anagonga kuta, anabandika kitu, anaondoka, nani asingeingiwa na hofu, wanawake walificha redio, wanaume waliitika naam kabla hawajaitwa, na wengine walishikilia kwamba vioo vile vinasikia yanayosemwa chumbani. Watoto ndio hawakuogopa, walivibandua wakavichezea, hata katika mwezi mmoja vikapotea kumi na tisa, na Kurwa akaona kazi yake yote inaharibika, na kwa hiyo katika wiki ya Krismasi ya mwaka 1966 kila kioo kikabandikwa chini yake kipande cha karatasi, wino mwekundu, maneno haya: Mali ya Serikali. Atakayevunja atashtakiwa. Tangu siku hiyo hakikupotea kioo hata kimoja, naye akafurahi.

Sasa nnafika mahali penyewe, na naona mlangoni wamesimama na watu nisiowajua, lakini nitasoma.

Katika nyumba moja ya ghorofa mbili ya Sokomuhogo, juu, walikaa Bwana Pandu, hamali wa bandarini, mke wake Bi Mwanapili, mama yake Bwana Pandu aliyeitwa Bi Mwatima, na binti yao Shemsa, mwenye umri wa miaka sita, na kioo chao kilitiwa tarehe 2 Machi 1966, juu ya ufa uliotoka dirishani ukashuka mpaka chini. Siku ya Jumapili, tarehe 16 Aprili 1967, masika yakiwa yameshika, Bi Mwanapili alikuwa akifagia akakuta kioo kimekatika vipande viwili, na hakuna mkono uliokigusa. Yeye hakusoma ukuta, alisoma karatasi. Alimwuliza mtoto, mtoto akaapa, alimwambia mumewe, mumewe akamwambia, "Mwanamke, nyamaza, wewe wataka nichukuliwe?", na kwa siku mbili hawakula wakashiba katika nyumba ile, na siku ya tatu Bi Mwanapili akapanda juu kabisa, akatafuta katika dirisha bovu lililoachwa na wenyewe wa zamani kipande cha kioo kinacholingana, akaomba chokaa kwa jirani, akakiweka pale pale palipokuwa kile cha kwanza, kwa uangalifu, akakifuta kwa khanga yake mpaka kikang'aa.

Alhamisi, tarehe 20 Aprili, Kurwa alipita kukagua, akakikuta kioo kizima. Tumeambiwa sote kwamba alidanganywa. Marehemu ameamuru isomwe kwamba hakudanganywa. Aliona ukingo wa kioo kile haukukatwa kwa almasi, na aliweka kidole juu ya chokaa kikazama, akajua, na wakati huo huo akakumbuka kwamba wiki ile ile alikuwa amekwisha kuambiwa na wakubwa wake kwamba ihamwe zake zimezidi, kwamba anawatia wananchi hofu, na kwamba mtu anayewatia wananchi hofu huitwa aeleze nia yake, na akamtazama Bi Mwanapili, aliyesimama ameushika mlango, rangi imemtoka, na mtoto nyuma ya gauni lake, akaona akiuliza swali moja tu mwanamke huyu atachukuliwa, na labda na yeye pia, na akajiambia chokaa ni laini kwa sababu ya unyevu wa masika. Akaandika katika daftari, ukuta umetulia. Bi Mwanapili akamshukuru, akamletea maji ya kunywa, na Kurwa akanywa.

Siku ya Ijumaa, tarehe 28 Aprili 1967, saa nne ya asubuhi, baada ya mvua ya siku tatu, mumewe akiwa bandarini, Bi Mwanapili aliteremka kununua makaa, na hajafika mwisho wa uchochoro alisikia sauti ambayo mpaka leo anasema haikuwa kubwa, ilikuwa kama gunia limetuliwa chini, akageuka, akaona vumbi linapanda katikati ya mvua. Bi Mwatima alitolewa alasiri. Shemsa alitolewa siku ya pili.

Kurwa alifika pale wa kwanza katika watu wa ofisi, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka, hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na alipotoka pale hakwenda nyumbani, alikwenda nyumba kwa nyumba na kisu cha plasta na kitambaa cha maji, Ijumaa ile, Jumamosi na Jumapili, akikwangua karatasi za wino mwekundu moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha zote, na waliokuwamo ndani walimtazama wakifungua milango na kuifunga, na hakuna aliyemwuliza anafanya nini.

Jumatano, tarehe 10 Mei 1967, lilikaa baraza la uchunguzi, na Bi Mwanapili akaitwa, akasema yote kwa kinywa chake, kwamba alibadilisha kioo, kwamba hakujua maana yake, na kwamba aliogopa kwa sababu ya karatasi iliyosema atashtakiwa. Wakamwuliza Bwana Kurwa Mabruki kuhusu karatasi hiyo. Akajibu kwamba hakumbuki karatasi yoyote. Wakauliza kama yupo mtu katika wale waliohudhuria ambaye katika nyumba yake iliwahi kuonekana karatasi ya namna hiyo, na ukumbi ulikuwa umejaa, watu wa nyumba mia na zaidi walikuwapo au walikuwa na ndugu zao pale, na kila mmoja akatazama miguu yake. Basi ikaandikwa kwamba mwanamke amesema uongo kujikosha, na kwa kuwa amefiwa asamehewe adhabu, na tangu siku hiyo Mji mzima ukasema Bi Mwanapili amemwua mwanawe kwa ujinga na kisha akasema uongo juu ya kaburi lake. Bwana Pandu, ambaye karatasi aliiona kwa macho yake, alimpa talaka, yeye mwenyewe akarudi kwao Makunduchi.

Marehemu aliendelea na kazi, lakini hakuwa mtu yule. Hakubandika tena karatasi, alikaa na wanawake jikoni, akawaonyesha kioo kizima na kioo kilichokatika, akawaambia kwanza mtoke mbio na watoto, mengine baadaye, kikikatika kina heri, kimefanya kazi yake, na ndiyo maana tarehe 18 Novemba 1969, siku ya Jumanne, bibi mmoja wa Kajificheni, Bi Jenabai, aliingia ofisini na leso mkononi, akaifungua juu ya meza, vipande viwili, na kabla ya adhuhuri walitolewa watu arubaini na mmoja, na saa kumi ya jioni nyumba ikaanguka ikiwa tupu. Akapewa cheti cha sifa. Hakukitundika, alikitia chini ya godoro, na usiku ule Bi Perpetua alimsikia akilitaja jina la Shemsa.

Kifua kilianza kumsumbua mwezi wa Juni 1971, kwa vumbi la chokaa la miaka thelathini, akalazwa mara tatu, na mwezi wa Machi 1972 alihamia kwangu Kiembe Samaki apate hewa. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Bi Mwanapili, anauza mikate ya mofa, peke yake. Aliposikia mgonjwa ni nani, alikuja na uji wa mtama, akaja kesho yake, akaja kila siku kwa miezi kumi na moja, akamgeuza, akamfulia mashuka, na kila siku kabla ya kuondoka alimshukuru kwamba siku ile ya baraza hakumwombea kifungo, na kila siku Kurwa aligeuza uso ukutani, na akiondoka uji ulibaki bakulini.

Alhamisi, tarehe 15 Februari 1973, alinikalisha, akaniambia la kuandika, kama siku zote, nami nikaandika haya niliyoyasoma, na Jumamosi, tarehe 17 Februari, saa tano ya asubuhi, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka arubaini na minane, na kulikuwa hakuna wingu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi tangu alfajiri, Baba Padri, na majirani wa Kiembe Samaki waliotuletea maji, kuni na vyakula bila kuulizwa, na kama kuna jina nimelisahau mniwie radhi.

Hapa ndipo aliponiambia niishie. Lakini nnaendelea, na haya yanayofuata si yake, ni yangu, na mwanawe akinitazama hivyo anitazame tu. Katika wiki ile ya Krismasi, Kurwa alikuja kwangu kuandikiwa, na maneno aliyoyataka yalikuwa, tafadhali msiguse, kioo hiki kinalinda maisha yenu. Mimi nikacheka. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi nafundisha watoto sitini darasani, tafadhali haisikiwi na mtu, waandikie kitu kitakachowatisha, nikachovya kalamu katika wino wa kusahihishia nikayaandika yale maneno ninayoyajua mimi, mara mia moja na kumi na mbili, na yeye akakaa pembeni akikata karatasi. Barazani walipomwuliza, mimi nilikuwapo, safu ya pili. Nilitazama miguu yangu, na ndugu yangu alisema uongo ule ili nisiitwe, na hata kitandani hakutaka jina langu liingie humu.

Karatasi moja katika zile alizozikwangua hakuiharibu, aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na nimeipata jana. Hii hapa. Wanafunzi wangu mliomo humu, hati mnaijua ni ya nani.

Bi Mwanapili, umekaa pale nje karibu na nguzo, nakuona. Kurwa anakuomba radhi kwa kinywa changu, na mimi nakuomba kwa kinywa changu mwenyewe, na kama huwezi kutoa leo usitoe. Hukumwua mtoto. Hukusema uongo. Karatasi ilikuwapo, njoo uishike, na mliokaa naye iulizeni mioyo yenu kama hamkuwa nayo kwenu.

Kurwa, ndugu yangu, nimesoma yote. Vua viatu sasa, ulale.